Mazabodi haijafa, acheni kuizika

Semesta hii peke yake nimeisikia ile sentensi mara nne hapa bwenini: "Hiyo mazabodi imekufa." Anaisema fundi, anaisema rumeti anayesoma sosholojia, juzi kaisema hata mlinzi wa getini. Hadithi ni ile ile. Laptopu ilikuwa nzima jana, usiku ikajiapdeti, asubuhi haiwaki. Hakuna aliyefungua skrubu hata moja, hakuna aliyepima chochote, lakini hukumu imeshatoka na mchango unapitishwa chumba kwa chumba.

Mi nasema hapana. Kompyuta isiyowaka baada ya apdeti ya BIOS mara nyingi haijafa. Tunaoimaliza ni sisi wenyewe, kwa haraka zetu na kwa kuwaachia watu wasio na vifaa watuamulie. Na hasara yake haiishii kwenye bei ya mazabodi, kuna kazi ya mtu humo ndani. Ngoja nieleze.

Chukua kesi ya dada mmoja wa hapa ghorofa ya chini, anasoma ualimu, mwaka wa tatu. Laptopu yake aliinunua used na betri yake imeshachoka, ile ya kukuonesha asilimia 60 halafu ukichomoa chaja tu inazima. Usiku mmoja Windows ikaanza kujiapdeti. Hakuiomba yeye. Humo humo ndani ya apdeti za kawaida kulikuwa na ya BIOS. Umeme ukakata. Dakika tatu tu jamani, hata watu hawakupata muda wa kulalamika! Uliporudi, taa ya kuwashia inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii, na taa ya Caps Lock inakonyeza kama inacheka. Ripoti yake ya utafiti ilikuwa humo, kurasa sitini na kitu, kopi ya mwisho aliyokuwa amejitumia kwa barua pepe ilikuwa ya miezi miwili nyuma, na tarehe ya kukusanya ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

Fundi wa mjini aliitazama kwa dakika mbili. Akasema mazabodi imekufa, nyingine laki mbili na nusu, na akishaifunga "atapiga windo mpya" ili mashine iwe nyepesi. Bure, kama zawadi! Windo mpya maana yake diski inafutwa. Yaani ugonjwa uko kwenye chipu moja ndogo, diski ni nzima kabisa na ripoti imelala humo salama, halafu tiba inayopendekezwa ndiyo itakayoifuta. Hapo ndo nilipopandwa na hasira, na ndo sababu naandika.

Tuanze na kinachotokea ndani, maana bila hilo hatuelewani. Kwenye mazabodi kuna chipu, kwa kawaida ya miguu minane, ndogo kuliko punje ya hindi. Humo ndimo inamokaa BIOS, ambayo siku hizi jina lake rasmi ni UEFI ila mitaani bado tunaiita BIOS na wala hakuna anayeshtaki. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, prosesa haijui lolote. Haijui kama kuna RAM, haijui kama kuna diski, haijui kama ina kioo. Inakwenda moja kwa moja kusoma maagizo kwenye ile chipu. Maagizo ndo yanaiambia RAM yako hii hapa, kioo kile pale, sasa nenda kaite Windows. Ukubwa wa chipu yenyewe ni megabaiti 16 au 32 hivi, sawa na nyimbo chache za mp3.

Kuapdeti BIOS ni kufuta maagizo hayo na kuandika mengine. Chipu hii haifutwi herufi moja moja, inafutwa kipande kizima kizima, ndipo kipande kinaandikwa upya. Umeme ukikata pale katikati, kesho yake prosesa inaamka inakuta barua iliyochanwa nusu. Inasimama. Haina pa kwenda. Lakini chuma chenyewe kiko vile vile: prosesa nzima, RAM nzima, diski nzima. Anayeita hali hii kifo ni sawa na mtu anayetupa daftari kwa sababu ukurasa wa kwanza umelowa.

Na si jambo jipya. Wakubwa zetu waliokuwa na kompyuta miaka ya tisini watakumbuka kirusi cha CIH, ambacho wengine walikiita Chernobyl. Kiliandikwa na mwanafunzi wa chuo huko Taiwan, Chen Ing-hau (wanafunzi na sisi tuna mambo yetu!), kikasambaa mwaka 1998, na tarehe 26 Aprili 1999 kikalipuka. Kilikuwa kinavuruga diski, na kwenye baadhi ya mazabodi kilikuwa kinaifuta na BIOS. Tangu wakati ule inajulikana kabisa kwamba BIOS inaweza kufutika na bodi ikabaki nzima. Zaidi ya miaka ishirini na tano imepita na sisi bado tunaita jeneza.

Haya, turudi kwa mgonjwa. Kosa la kwanza linalofanyika ni kuita kila kitu "haiwaki". Haiwaki ipi? Kuna haiwaki za aina aina, na kila moja ina dawa yake.

Kuna ile ambayo haijamaliza tu. Baada ya apdeti mashine huweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu, kioo kikiwa cheusi. Zile mpya zenye RAM za DDR5 zinaanza kwa kuizoea RAM upya, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa bila kukuonesha hata nukta. Nimemwona mtu kwa macho yangu anaizima kwa nguvu kila baada ya nusu dakika, anaiwasha, anaizima, analaani. Huyo sasa ndo anaua. Iache kwenye chaja, nenda kantini, kula wali maharage taratibu, rudi baada ya nusu saa.

Kuna ile inayofika mpaka nembo ya kampuni halafu inasema haioni diski ya kuwakia, au Windows inaanza inaanguka na kioo cha bluu. Hiyo BIOS yake ni nzima! Ingekuwa imeharibika usingeiona hiyo nembo. Kilichotokea ni kwamba apdeti imerudisha mipangilio ya kiwandani. Labda diski ilikuwa imewekwa kwenye RAID sasa imekuwa AHCI, au kinyume chake. Labda ilikuwa inawaka kwa mtindo wa zamani wa Legacy na sasa imelazimishwa UEFI. Ingia kwenye mipangilio, rudisha ilivyokuwa, Windows inarudi na faili zako zote. Hii ndo inayouma kuliko zote, kwa sababu ndo rahisi kuliko zote, na ndo ambayo mafundi wengi wanaikimbilia na flashi ya windo.

Tena hii imeongezeka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kila mtu anataka Windows 11, na Windows 11 inadai TPM na Secure Boot. Watu wanaingia BIOS wanawasha Secure Boot, wanazima Legacy, wakati diski yao imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR. Mashine haiwaki. "Mazabodi imekufa." Kha! Ndani ya Windows yenyewe kipo kijiprogramu kinaitwa MBR2GPT cha kubadilisha mgawanyo bila kufuta kitu, kipo tangu mwaka 2017. Unarudisha Legacy, mashine inawaka, unakiendesha, ndipo unageuza. Na kabla ya hapo unanakili faili zako pembeni, maana diski si ya kuchezea.

Halafu kuna ile inayowaka na kuleta kioo cha bluu kinachoomba namba ya tarakimu 48. Hii inaitwa BitLocker na nitairudia, maana humo ndimo watu wanamozamia.

Ya mwisho ndo ya yule dada: taa zipo, feni ipo, kioo cheusi. Hapa BIOS yenyewe ina tatizo, au inaonekana hivyo. Nasema inaonekana kwa sababu kabla ya kuishitaki lazima uondoe washukiwa wengine. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia ushikilie sekunde thelathini mpaka umeme wote uliobaki ndani uishe. Baadhi ya ThinkPad zina kitundu kidogo chini, unaingiza pini kazi hiyo hiyo inafanyika. Ukishajua kufungua mfuniko, toa RAM, bakiza moja, jaribu, hamishia nafasi nyingine, jaribu. Ile betri ya duara ya CR2032 iliyomo ndani, ya volti 3, itoe dakika kumi urudishe. Chomeka kioo cha nje uone kama ni kioo tu kimekufa. Na ile taa inayokonyeza usiidharau, inahesabu! Kampuni nyingi zina jedwali kwenye tovuti zao: ikikonyeza mara kadhaa ni RAM, mara kadhaa ni BIOS. Hesabu, andika, katafute jedwali la modeli yako. Yule fundi wa dakika mbili hakuhesabu.

Ikishathibitika ni BIOS, bado hujafika kwa fundi. Watengenezaji walijua mambo haya yatatokea wakaweka mlango wa nyuma. Kwenye HP nyingi unazima, unachomeka chaja, unashikilia kitufe cha Windows pamoja na B, unabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde mbili tatu na kuachia huku vile viwili bado umevikandamiza, halafu unasubiri, hata kama kioo kiko giza kwa muda. Kwenye Dell nyingi za miaka ya karibuni unachomoa chaja, unashikilia Ctrl na Esc, unachomeka chaja huku bado umeshikilia. Baadhi zinaitafuta BIOS nzuri kwenye diski yenyewe, nyingine zinaitaka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, faili likiwa na jina maalumu. Kwa wenye kompyuta za mezani mambo ni mazuri zaidi: bodi nyingi za Gigabyte zilikuwa na chipu mbili, moja ikiharibika nyingine inachukua usukani, na kwenye ASUS na MSI kuna bodi zenye kitufe nyuma, unachomeka flashi kwenye tundu lake, unabonyeza, BIOS inaandikwa hata kama prosesa haipo kabisa.

Sasa niambieni, ni mwanafunzi gani anayajua haya? Mlango wa dharura umejengwa, halafu umefichwa nyuma ya kabati. Kwenye sehemu ya chini ya laptopu wamebandika stika ya kila kitu: namba ya modeli, volti, alama za kila nchi, kamchoro ka pipa la taka. Nafasi ya kuandika "ikishindwa kuwaka baada ya apdeti, shikilia vitufe hivi" imekosekana? Hapo ndo naona kampuni zinatukosea. Kama umejipa haki ya kuniandikia chipu yangu usiku nimelala, basi na njia ya kurudi nayo niandikie mahali ninapoiona mashine ikiwa imekufa. Usiniwekee kwenye tovuti ninayoifikia kwa mashine hiyo hiyo.

Na tusidanganyane kwamba tatizo ni umeme wetu peke yake. Desemba 2017 Ubuntu ilibidi waiondoe toleo la 17.10 lisipakuliwe kwa muda, kwa sababu lilikuwa linaharibu BIOS za baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa Lenovo. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba kwenye baadhi ya laptopu za MSI amri moja ya kufuta faili kwenye Linux ilikuwa inaweza kufuta hata vigezo vya UEFI, mashine isiwake tena. Huko umeme haukukatika. Kwa hiyo yule anayemwambia dada wa watu "umeapdeti wa nini, si ungejua umeme wetu ulivyo" anamwonea. Mtu aliyebanwa na ripoti hasomi kila kijidirisha kinachotokea saa tano usiku.

Kuna kambi nyingine, nayo siikubali, ya wanaosema usiapdeti BIOS kamwe. Waulizeni wenye kompyuta za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14. Zilikuwa zinajizima na kuanguka hovyo, na Agosti 2024 dawa ilipotoka ilikuja ndani ya apdeti ya BIOS. Aliyekataa aliachia prosesa yake iendelee kuchakaa. Halafu vile vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011 vimepangwa kuanza kuisha muda Juni 2026, na baadhi ya mashine zinahitaji apdeti ya BIOS ili zipokee vyeti vipya vizuri. Kwa hiyo "kamwe" ni uvivu wa kufikiri. Mi naapdeti nikiwa na sababu iliyoandikwa kwenye maelezo ya apdeti yenyewe, betri ikiwa nzima na imejaa, chaja imechomekwa, mchana, na si wiki ya kukusanya kazi. Kama betri imekufa, natafuta sehemu yenye UPS au naacha. Kwa laptopu yenye betri ya asilimia 60 ya uongo, mi ningezima kabisa apdeti za madereva na fimuwea kwenye Windows, nibakize zile za usalama tu. Wataalamu watanirushia mawe, warushe.

Sasa BitLocker. Windows 11 inasimba diski yenyewe kwenye laptopu nyingi, na kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024 imekuwa ikifanya hivyo kwa mashine nyingi zaidi ukiisimika upya. Ufunguo wa kila siku unakaa kwenye TPM, na TPM inaangalia kama BIOS ni ile ile. BIOS ikibadilika ghafla inashtuka na kudai ile namba ya tarakimu 48. Hakuna tatizo kama unayo, na mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft, unaifungua hata kwa simu. Lakini fikiria zile laptopu za used ambazo muuzaji ameshaiwasha, ameweka akaunti yake ili akuoneshe inavyofanya kazi, ukalipa ukaondoka nayo. Namba iko kwa muuzaji! Siku ikidaiwa utampata wapi?

Na hapa ndo mpango wa yule fundi unapobomoka hata kwa hesabu zake mwenyewe. Mazabodi mpya ina TPM nyingine. Ukibadilisha bodi, diski iliyosimbwa itadai ile namba vile vile. Huna namba, huna ripoti, hata kama umelipa laki mbili na nusu na bodi inang'aa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu aliyeleta laptopu isiyowaka linatakiwa kuwa "namba yako ya BitLocker iko wapi?", na sijawahi kusikia fundi akiliuliza. Mafundi wangu, kama mmoja wenu anauliza, naomba radhi mapema, na naomba namba yake ya simu.

Sipendi kuwasema mafundi kama wezi, maana wengi si wezi. Mtu anakaa kwenye kibanda cha mita mbili, analipa kodi, anajifunza kwa kuangalia. Kubadilisha bodi anakujua, kunamlipa, na bodi za mashine zilizovunjika vioo zipo tele. Kuandika chipu ni kitu kingine, kinahitaji kifaa, faili sahihi, na muda ambao mteja hataki kuulipia kwa sababu "ni programu tu". Sisi wateja tumewafundisha kwamba chuma kinalipiwa na akili ni ya bure. Halafu tunashangaa wakituuzia chuma.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Kinaitwa CH341A, cha Kichina, kinachomekwa kwenye tundu la USB kama flashi, na bei yake haifiki ya chaja orijino ya laptopu. Unaongeza klipu ya miguu minane inayoing'ata chipu ikiwa hapo hapo kwenye bodi, bila kuchomelea. Yule dada alisaidiwa na kijana wa umeme mwaka wa nne mwenye kifaa hicho, baada ya vile vitufe vya dharura kugoma. Nilikaa pembeni nikaangalia na kuandika, na nimejifunza kwa nini kazi hii haitaki papara.

Kwanza alitoa betri, zote mbili. Halafu akasoma jina la chipu kwa kioo cha kukuzia na tochi ya simu, maana kuna chipu za volti 3.3 na kuna za volti 1.8, na tofauti kwenye jina inaweza kuwa herufi tu: W25Q128FV ni ya 3.3, W25Q128FW ni ya 1.8. Ukiipa ya 1.8 umeme wa 3.3 unaweza kuikaanga, na hapo sasa ndo umeua kweli. Hata kifaa chenyewe, kile cheusi, kinajulikana kwa kutoa volti 5 kwenye nyaya za data, kwa hiyo yeye alikuwa amekirekebisha. Akaisoma chipu yote kwa programu ya flashrom, akaihifadhi. Akaisoma tena, akalinganisha mafaili mawili. Hayakufanana! Klipu ilikuwa imekaa upande. Akaipanga, akasoma mara tatu, yote yakalingana, ndipo akaendelea. Mtu mwenye haraka angeshaandika na ile klipu iliyopinda.

Kwa nini kuhifadhi kitu kilichoharibika? Kwa sababu hakijaharibika chote. Kwenye chipu hiyo hiyo kuna namba ya siri ya leseni ya Windows, namba ya mashine, na sehemu ya Intel ya kuendeshea bodi. Faili la mtengenezaji mara nyingi lina sehemu ya BIOS peke yake, tena limefungwa ndani ya bahasha inayotakiwa kuvuliwa. Ukilibamiza lote kama lilivyo, mashine haiwaki, au inawaka ikiwa haina jina. Jamaa alichukua sehemu ya BIOS nzuri, akaipandikiza kwenye nakala ya zamani mahali pake, akaandika, akathibitisha. Saa tatu na nusu jumla, na kati ya hizo kuandika kwenyewe hakukufika dakika kumi.

Ikawaka. Kwanza kimya, halafu ikajizima yenyewe (nilidhani tumekwisha), halafu nembo. Halafu kioo cha bluu, tarakimu 48. Akaunti ilikuwa yake mwenyewe, namba ikapatikana kwenye simu, akawa anaisoma kwa sauti kama anayetaja matokeo ya mtihani na mimi nachapa. Ripoti ilikuwepo, na mchango uliokuwa umeshapatikana ukanunua betri mpya na chipsi za watu wanne.

Nisichokielewa ni hiki. Chuo kizima, wanafunzi maelfu, kila mmoja karibu anategemea laptopu moja ya used iliyonunuliwa kwa bumu la mwaka wa kwanza. Kuna kitengo cha kompyuta chenye vyumba, viyoyozi na watu wanaolipwa. Dada alikwenda huko kwanza kabla ya fundi, akaambiwa mashine binafsi hazihudumiwi. Sawa, sera ni sera. Lakini hao hao wanapokea ripoti kwa mfumo wa mtandaoni unaofungwa saa sita kamili usiku na hausikilizi habari za mazabodi. Sisi tunaosoma kompyuta tunachora muundo wa prosesa ubaoni, tunafanyia mtihani, tunahitimu bila kuishika ile chipu kwa kidole. Maabara moja yenye CH341A mbili, klipu mbili, kigeuza volti cha chipu za 1.8, kioo cha kukuzia na UPS ya kawaida ingeendeshwa na wanafunzi wenyewe Jumamosi, wakapata mazoezi na maksi za vitendo. Bajeti yake haifiki ya chai ya semina moja.

Kwa sasa maabara ni meza ya yule kijana wa umeme, pembeni ya jiko la mafuta ya taa. Habari zimeshasambaa. Jana alikuwa na foleni ya laptopu tatu, kila mwenye nayo kaapa kwamba mazabodi imekufa. Mbili bado anazisoma. Ya tatu ilikuwa chaja.